Kirefu cha MS ni nini? Herufi mbili zimetukesha nyumba nzima

#1 Mwana wa Kwanza
Wakuu, habari za muda huu.

Wiki iliyopita mama alirudi kutoka kliniki na cheti chake. Kwenye sehemu ya ugonjwa daktari ameandika herufi mbili kwa wino wa bluu, zimeinama kama zinakimbia: MS. Kirefu hakuna. Mdogo wangu akaziingiza kwenye simu, jibu la kwanza likaja multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Tukasoma habari za watu walioanza kuona ukungu, waliopoteza nguvu za miguu. Mama kalala chumbani, sisi tuko sebuleni tunanong'ona nani atahamia kwake. Hakuna aliyefumba jicho.

Asubuhi nikampigia ndugu yetu anayesomea udaktari. Hakuuliza kuhusu herufi. Aliuliza, "Mama analalamika nini?" Nikamwambia pumzi inamkatika akipanda ngazi, na moyo unamwenda mbio. Akasema hiyo MS ni mitral stenosis, vali ya moyo imesinyaa.

Sisemi kwamba hiyo ni habari njema. Lakini ni kiungo kingine, dawa nyingine, maisha mengine kabisa. Sasa nauliza: kwa nini herufi mbili zibebe mambo yasiyojuana? Nani anazigawa? Naomba kuwasilisha.

#2 Kiti cha Mbele
Pole sana mkuu, mama apate nafuu. Hakuna anayezigawa, tatizo ni uchache. Herufi ziko 26, ukizipanga tatu tatu unapata 26 mara 3, vifupisho 78. Dunia ina mambo mangapi? Lazima zigongane.

#3 Hesabu Kali
Kiti cha Mbele, hapo umeteleza. Nafasi ya kwanza ina herufi 26, ya pili 26, ya tatu 26, kwa hiyo ni 26 × 26 × 26 = 17,576. Za herufi mbili ni 676. Kwa alfabeti ya Kiswahili isiyo na Q wala X zinabaki 24: mbili mbili ni 576, tatu tatu ni 13,824.

Ila hoja yako inasimama hata kwa hesabu sahihi. Mnakumbuka lile la siku za kuzaliwa? Darasa la watu 23 tu linatosha kufanya uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja upite nusu. Fanya vivyo hivyo hapa: okota vifupisho vya herufi tatu kwa bahati nasibu, ukifika cha 157 uwezekano wa angalau viwili kufanana umeshavuka nusu. 157 kati ya 17,576! Kugongana ndiyo hali ya kawaida, kutogongana ndiko kunakohitaji juhudi.

#4 Kalamu Nyekundu
Hesabu Kali, asante, ila umechukulia kwamba maneno huanza kwa herufi zote sawasawa. Mimi nahariri maandishi kila siku, na kwa Kiswahili hali ni mbaya zaidi ya hesabu yako. Majina yetu yanatembea na viambishi vya ngeli. Umoja, Upungufu, Utafiti, Usimamizi, Uchumi, Uhifadhi: yote U. Juu yake weka Chama, Shirika, Taasisi, Baraza, maana majina mengi ya asasi huanzia kwa mojawapo. Unabaki na herufi chache zinazofanya kazi ya zote.

Ndiyo maana waliotangulia walichukua silabi badala ya herufi. BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Wangechukua herufi za mwanzo wangepata BKT na UKM, na hizo zingeweza kuwa chochote. Silabi inabeba alama ya neno lake, herufi moja haibebi.

#5 Nesi wa Zamu
Hesabu nzuri, sarufi nzuri, lakini wodini hakuna kilichookotwa kwa bahati nasibu. MS ilizaliwa mara nyingi kwa sababu watu tofauti walichoka kuandika neno refu, kila mmoja kwenye chumba chake. Wa neva walikuwa na MS yao, wa moyo yao, na wenye dawa yao, maana kuna waliozoea kuandika MS wakimaanisha morphine sulfate. Magnesium sulfate nayo imo, ile tunayompa mama mwenye kifafa cha mimba. Fikirieni mtu aliyechoka saa tisa usiku anasoma mwandiko wa mwenzake, mbele yake kuna mofini na magnesiamu.

Marekani, Joint Commission, wale wanaokagua hospitali, walitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho ambavyo mhudumu hatakiwi kuviandika kabisa. MS imo, MSO4 ya mofini na MgSO4 ya magnesiamu zimo. Imo hata U ya uniti, kwa sababu ikiandikwa haraka inasomeka sifuri, na insulini ya uniti 10 inageuka 100.

Mleta uzi, swali: pembeni ya MS kulikuwa na herufi nyingine?

#6 Mwana wa Kwanza
Nimekitoa cheti sasa hivi. Ndiyo. Imeandikwa MS, alama ya kujumlisha, halafu AF. Ile AF hatukuitafuta, tulishaogopa tayari.

#7 Nesi wa Zamu
Hiyo AF ndiyo ingewapa usingizi wenu. Ni atrial fibrillation, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo ukisinyaa, damu inarundikana juu, chumba kinatanuka, mapigo yanavurugika. Zikikaa pamoja namna hiyo, mtu wa kazi anajua mara moja ni moyo. Muulizeni mama kama utotoni aliwahi kuugua homa na viungo kuvimba baada ya koo kuuma, maana vali kama hiyo mara nyingi ni kovu la homa ya baridi yabisi ya miaka ile.

#8 Bahari Tulivu
Basi jibu limepatikana. Kifupisho hakina maana peke yake, soma majirani zake. Uzi ufungwe.

#9 Fundi Transfoma
Usifungwe kwanza. Bahari Tulivu, hiyo ya majirani ilitaka kuniumiza.

Nikiwa mwanafunzi wa ufundi tulipelekwa kwenye stoo yenye transfoma kuukuu. Moja ilikuwa na kibandiko cha njano kilichopauka, herufi zilizobaki ni PCB. Kwangu mimi PCB ilikuwa ni printed circuit board, bodi ya saketi, ile plastiki ya kijani yenye njia za shaba, nimezichomea risasi mia. Nikajua ndani kuna bodi ya kudhibiti. Nikaanza kulegeza boliti za kifuniko niione. Mafuta yameshaanza kuchuruzika kwenye ukingo, naletewa tambaa niyafute, fundi mkubwa akanishika kifundo cha mkono akasema, "Hayo mafuta usiyaguse."

PCB ya pale ilikuwa polychlorinated biphenyls, kemikali ya sumu iliyotiwa kwenye mafuta ya transfoma na kapasita za zamani kwa kuwa haishiki moto kirahisi. Inakaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeiweka kati ya kemikali za kuondolewa duniani.

Sasa niambieni, majirani wangenisaidiaje? Zote mbili ni za umeme. Stoo moja, fani moja, herufi zilezile, moja unaishika kwa vidole na nyingine hupaswi hata kuigusa.

#10 Bahari Tulivu
Duh. Nimeondoa pendekezo la kufunga.

#11 Kiti cha Mbele
Mimi nadhani kuna wanaofanya makusudi. Mtu anatafuta jina lenye herufi zinazojulikana tayari ili atembelee mgongo wa mwenzake. Angalieni WWF, wa wanyama na wa mieleka. Waligombana mpaka wa mieleka wakabadili jina mwaka 2000.

#12 Msomaji wa Usiku
Ni 2002 mkuu, na sioni dalili ya kutembelea mgongo. World Wildlife Fund ilianza 1961, sasa inaitwa World Wide Fund for Nature na herufi zikabaki palepale. Wa mieleka walikuwa World Wrestling Federation. Walikubaliana kwa maandishi mwaka 1994 kuhusu mipaka ya kutumia herufi hizo, baadaye wa wanyama wakaona makubaliano yamevunjwa, wakaenda mahakamani Uingereza wakashinda. Mieleka ikawa WWE. Panda na mabondia, nani angewachanganya? Lakini kwenye anwani ya intaneti hakuna panda wala ulingo, kuna herufi tatu tu, na anwani ni moja.

#13 Kiti cha Mbele
Wanamieleka siyo mabondia 😀 Tumelipana.

#14 Msomaji wa Usiku
Nimekubali. Sare, moja kwa moja.

#15 Mchunga Zizi
Nami nina kisa. Ng'ombe wangu alionyesha joto asubuhi: anapandwa na wenzake akasimama, ute mwangavu unavuta kama uzi. Kawaida ukimwona asubuhi unampandisha jioni, dirisha lenyewe ni fupi. Mtaalamu niliyemzoea hakupatikana. Nikaandika kwenye kundi fulani, "Nahitaji mtu wa AI leo hii, kazi isizidi jioni."

Akaja kijana mwenye adabu sana, akauliza nataka AI ya maandishi au ya picha. Nikajua picha ni zile za katalogi ya madume, nikamwambia nataka kuona picha kwanza. Tumeandikiana karibu saa mbili. Aliponitumia bei ya programu ya kompyuta ndipo nikashtuka. AI ya kwetu ni artificial insemination, uhimilishaji, mbegu ya dume inawekwa kwa mrija. Ile yake ni artificial intelligence, akili ya mashine. Joto likapita. Nikasubiri siku 21 zaidi, na siku 21 za ng'ombe asiye na mimba mfugaji anazijua zinavyouma.

Simlaumu yule kijana. Alijibu alichoulizwa.

#16 Nesi wa Zamu
Pole Mchunga Zizi. Nimeisoma mara mbili, na kila mmoja wenu alikuwa anasema kweli kwa lugha ya kazi yake.

#17 Kalamu Nyekundu
Hiki ndicho ninachokipigania: tuandike kwa Kiswahili. Ungeandika "mtu wa uhimilishaji" yule kijana asingefika. Na yeye angejitangaza kwa akili mnemba, wewe usingemjibu.

#18 Hesabu Kali
Akili mnemba au akili unde?

#19 Kalamu Nyekundu
Unde ni kitu kilichoundwa, sawa, ila mnemba ina ladha ya kitu kinachofanana na halisi bila kuwa halisi. Mimi nashika mnemba.

#20 Nyota ya Alfajiri
Mimi unde, na naona balaa linakuja: ukifupisha akili unde unapata AU. Tayari AU ni Umoja wa Afrika. Au ni alama ya dhahabu, kutoka jina lake la Kilatini, aurum. Kwetu tunaotazama anga, au ni kipimo, umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua kwa asili yake. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliufunga kuwa mita 149,597,870,700 kamili na ukapendekeza uandikwe kwa herufi ndogo. Kumbe kwa herufi ndogo kwetu tayari ni neno! Niliwahi kufundisha "Mshtarii iko au 5 kutoka kwenye Jua", mwanafunzi akainua mkono: "Mwalimu, au ngapi?" Alikuwa anasubiri chaguo la pili.

Tangu siku hiyo ubaoni naandika kipimo cha Jua kwa kirefu.

#21 Msomaji wa Usiku
Hahaha, "au ngapi". Huyo mtoto alikuwa anasikiliza kweli.

Turudi kwa Kalamu: Kiswahili pekee hakitatuokoa. Wewe mwenyewe umesema U zimejaa. Na mbona hatuna kanuni? Kwenye UKIMWI ile "wa" imeachwa, kwenye VVU "vya" imehesabiwa: Virusi Vya UKIMWI. Halafu U ya mwisho ni kifupisho kilichomezwa na kifupisho kingine.

#22 Kalamu Nyekundu
Kweli kabisa. Na watu wanazidisha kosa wanaposema "virusi vya VVU". Ukikifungua ni virusi vya virusi vya UKIMWI. Kama "namba ya PIN", ambayo N yake ni namba tayari. Kila siku navikata kwa kalamu.

#23 Fundi Transfoma
Kalamu, niruhusu nikupinge kwa heshima. Usivikate. Mtu anayesema "namba ya PIN" amekwambia ni PIN ipi. Kile kibandiko kingeandikwa "mafuta ya PCB" nisingegusa boliti. Neno moja tu mbele. Unaloliita takataka ndilo lingenilinda.

#24 Kalamu Nyekundu
...Hapo umenikamata. Kwa PCB nakubali. Kwa "virusi vya VVU" bado nitakata.

#25 Kiti cha Mbele
Wakati mnabishana, vipi kuhusu vifupisho vyenye maana moja isiyo na shaka? SOS, Save Our Souls, dunia nzima inajua.

#26 Nyota ya Alfajiri
Hiyo haina kirefu kabisa. Ilichaguliwa kwa mlio wake kwenye Morse, alfabeti ya milio mifupi na mirefu: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, mfululizo bila kupumzika, ili isikike hata kwenye kelele. Wajerumani waliiweka kwenye kanuni zao za redio 1905, mkutano wa Berlin wa 1906 ukaifanya ya kimataifa. Hizo roho za kuokolewa zilibandikwa baadaye na watu wasiovumilia herufi zisizo na maana.

Na UTC, ile saa ya dunia, haifuati mpangilio wa Kiingereza, Coordinated Universal Time, ambao ungetoa CUT, wala wa Kifaransa, Temps Universel Coordonné, ambao ungetoa TUC. Waliweka mpangilio usio wa yeyote ili asilalamike mtu.

#27 Hesabu Kali
Na ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, siyo kifupisho cha jina la shirika, lenyewe linasema limetoka Kigiriki, isos, sawa.

#28 Msomaji wa Usiku
Ndivyo shirika linavyosema. Lakini Willy Kuert, mjumbe wa Uswisi aliyekuwepo London lilipoasisiwa, alieleza kwamba habari ya Kigiriki haikutajwa pale. Kwa hiyo hata wenye herufi wanaweza kutofautiana kuhusu kirefu chake.

#29 Mgeni Mpole
Naomba niulize, mimi ni mgeni humu. Juzi kwenye uzi mwingine niliomba msaada, mtu akanijibu "njoo PM". Nikaacha kazi zangu nikaingia jioni, nikakaa hadi saa nne usiku, hakuna mtu. Nilijua PM ni jioni, ile inayofuata saa kwenye simu. Kumbe alikuwa amesubiri tangu mchana. PM ni nini hasa?

#30 Nesi wa Zamu
Karibu sana Mgeni. Humu PM ni ujumbe wa faragha, ubonyeze jina la mtu utaona bahasha. Mwandikie yule mtu leo, umweleze kama ulivyotueleza sisi, ataelewa.

#31 Hesabu Kali
Karibu. Usishangae ukikutana pia na PM2.5, chembe za vumbi na moshi zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Na kwa wengine PM ni waziri mkuu.

#32 Mgeni Mpole
Asanteni. Nimeiona bahasha. Alikuwa ameshaniandikia mara tatu.

#33 Mwana wa Kwanza
Wakuu, mrejesho. Leo tulikuwa kliniki. Nesi wa Zamu, nilimuuliza mama kama ulivyosema. Akakumbuka: akiwa darasa la tatu alilala nyumbani muda mrefu, magoti yamevimba, akibebwa mgongoni kwenda chooni. Hakuwahi kutusimulia. Daktari alipoisikia aliacha kalamu akamtazama.

Nikaomba kwa adabu aandike kirefu kwenye cheti. Hakukasirika. Akaandika kwa herufi kubwa: KUSINYAA KWA VALI YA MITRALI, MAPIGO YASIYO NA MPANGILIO. Mdogo wangu akapiga picha akatuma kwa ndugu wote. Tumeshukuru.

Sasa tumefika nyumbani, nimeona mstari wa chini kabisa: TCA 3/12. Nimejizuia nisiguse simu, nimekuja kwenu kwanza.

#34 Bahari Tulivu
Umefanya vizuri, maana mimi nimetafuta. Kuna TCA ambazo ni dawa za sonona. Kuna TCA ambayo ni tindikali ya kuchubulia ngozi. Hakuna hata moja ya moyo!

#35 Kiti cha Mbele
3/12 si tarehe 3 Desemba? Labda siku ya upasuaji.

#36 Nesi wa Zamu
Tulieni jamani. TCA ni to come again, arudi tena. 3/12 ni miezi mitatu: chini ya mstari ukiona 12 ni miezi, 52 ni wiki, 7 ni siku. Siyo tarehe na siyo upasuaji. Mama anatakiwa kurudi kliniki baada ya miezi mitatu.

Mwana wa Kwanza, chukua kalamu uandike pembeni yake kwa mkono wako, kabla mdogo wako hajakiona.

#37 Mwana wa Kwanza
Ameshakiona. Nakimbia.